Nimechoshwa na mcheza santuri wa kwenye filamu

Wanajamvi, nimezima filamu katikati kwa hasira, na safari hii sitanyamaza. Mhusika aliyedaiwa kuwa dijei, yaani mcheza santuri, aliinua mkono juu, akasokota kitufe kimoja huku hedifoni zimemziba masikio yote mawili, na ukumbi mzima ukarukaruka kana kwamba ametenda muujiza. Kwa kawaida mcheza santuri huacha sikio moja wazi, kwa sababu hilo linasikiliza wimbo unaopigwa ukumbini na lile jingine linasikiliza wimbo unaofuata, ambao wacheza dansi bado hawajausikia. Kazi yenyewe imo humo, kati ya masikio mawili, na hakuna mwongozaji anayejishughulisha kuiona.

Kosa la vifaa ningelisamehe. Linaloniudhi ni kwamba mtu huyu hapewi utu: ama ni mraibu anayesubiri kuanguka chooni, ama ni mhuni wa kuhangaisha wasichana, ama ni pambo la kuonyesha kwamba tumefika kwenye sherehe, na mara nyingi hapewi hata jina. Dijei wa redioni naye amefungiwa usiku wa manane, peke yake, na sauti nzito ya kuwafariji waliovunjika moyo.

Filamu ya We Are Your Friends ya mwaka 2015 ilijaribu angalau kueleza ufundi, nakiri. Hata hivyo, dijei anayeigizwa na Zac Efron anatufundisha kwamba siri ni kufikisha midundo 128 kwa dakika ili mapigo ya moyo ya umati yafuate, kana kwamba watu ni saa za kutiwa ufunguo. Dijei Kool Herc, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa hip-hop, hakuanza na hesabu. Katika sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 huko Bronx, jijini New York, sherehe iliyoandaliwa na dada yake, alikuwa ameshatambua kwamba wacheza dansi walikuwa wakingojea kile kipande kifupi ambacho ngoma hubaki peke yake. Baadaye akatumia nakala mbili za santuri ileile, moja ikipigwa huku nyingine ikirudishwa nyuma, ili kipande hicho kisiishe. Aliyagundua hayo kwa kuwatazama watu, ilhali dijei wa filamu hamtazami mtu yeyote isipokuwa kamera.

Na ile sauti ya santuri kukwaruzwa, inaposukumwa mbele na nyuma kwa mkono chini ya sindano! Mbinu ambayo dijei Grand Wizzard Theodore aliivumbua akiwa bado kijana mdogo, na ambayo wengine wametumia miaka mingi kuinoa, imegeuzwa kengele ya kuashiria kwamba mtu fulani ameingia na kuharibu mambo, hata katika hadithi isiyo na santuri hata moja.

Mimi nataka onyesho moja tu. Ukumbi umejaa, dijei anaweka wimbo anaoupenda mwenyewe, na watu wanaanza kurudi vitini mmoja baada ya mwingine. Zimebaki dakika mbili wimbo uishe, naye anapekua santuri zake, anaisikiliza moja kwa hedifoni, anaitoa, anainua macho kuwatazama waliobaki, anapekua tena. Kama yupo aliyewahi kuliona onyesho la namna hiyo, ataje filamu hiyo hapa, nami nitaitafuta usiku huuhuu.