Mrejesho: Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kwa sababu ya mawazo

Wakuu, nilileta hapa shida ya moyo kwenda mbio, shingo kukaza na kuamka usiku wa manane tangu nilipopunguzwa kazini. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilianza na waliosisitiza hospitali kwanza. Walipima presha, wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo na umeme wa moyo; vyote viko sawa. Daktari alinieleza kwamba mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni za kuuandaa mwili kukabili hatari: mapigo hupanda, misuli hukaza, tumbo huvurugika, hata kama hatari yenyewe ni kodi ya nyumba.

Kupumua taratibu, nikitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, kumetuliza moyo. Kutembea jioni kumelegeza shingo. Usingizi bado: kahawa ya jioni nimeacha, mchaichai nimekunywa, lakini nikiwaza madeni naamka saa tisa. Dada uliyesema nimshirikishe mke wangu, Mungu akubariki. Tumeyapanga madeni pamoja na nimepumua. Wiki ijayo naanza kumwona mnasihi.

Mwenye maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, tafadhali asidhani ni mawazo, awahi hospitali.