Modi kwenye mashindano ya mabanda: ziruhusiwe au tucheze gemu tupu?

Maweni_Kiungo
Likizo ya shule yaja na mabanda ya gemu ya Malindi na Lamu yanataka kukutana kwenye PES 2021, gemu ya mpira, nusu ya mechi huku, nusu Lamu. Shida ni kwamba kila banda lina pachi yake, yaani furushi la modi, mabadiliko ya gemu yaliyotengenezwa na watu baki. Lipo linalocheza gemu ilivyotoka kwa Konami, kampuni iliyoitengeneza, mwaka 2020, lipo lenye vikosi vya msimu huu, na lipo lililochokorewa mpaka mpira wenyewe waenda kivingine. Turuhusu modi au tupige marufuku? Toeni hoja, matusi hapana.

PediMoja
Marufuku. Modi ni wizi uliovishwa jezi. Mtu aingiza kikosi chenye winga wa kasi 99, akikufunga asema ni mazoezi. Gemu ilitoka na vipimo vyake, ukivigusa si gemu ile tena. Anayetegemea modi hajui kucheza, basi.

FundiBarani
Hajui kucheza nani? Ndugu yangu, hiyo jezi ya Liverpool unayoichagua banda zima likikuona, waitoa wapi? Konami hawana leseni ya Ligi Kuu ya Uingereza. Enzi za PES 6 Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea London FC. Kwenye 2021 waliingia mkataba na Manchester United na Arsenal, wengine wa ligi hiyo wana majina na jezi za kubuni. Kila nembo nyingine unayoiona imewekwa na mtu baki, bure, na hiyo ndiyo modi yenyewe. Wewe wachezea modi na hujijui.

Tena kwenye PS4 wala hapavunjwi kitu. Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32 au exFAT. Ndani yake folda iitwe WEPES, herufi kubwa zote, na ikae juu kabisa, si ndani ya folda nyingine. Hapo ndipo wengi hukwama: wakifungua zip ya vikosi inatoka folda ndani ya folda, wakichomeka PS4 yasema hakuna data, wanalaumu flashi. Kisha ingia menyu ya Edit, Import/Export, chagua timu zote, na utie alama pale pa kuingiza wachezaji na vikosi. Usipotia alama jezi zitakuja mpya na wachezaji watabaki walewale wa zamani. Na masasisho ya Konami yashushwe kwanza, kabla ya kuingiza chochote, la sivyo baadhi ya wachezaji hawatakuwepo na nafasi zao zitajazwa na watu wengine. Mlango huu waliuweka Konami wenyewe. Mwenye Xbox ndiye hana.

PediMoja
Kwanza mimi si wa Liverpool. Mimi ni Arsenal na Arsenal ina leseni, umesema mwenyewe. Usinisingizie timu.

Mkomani
Jamani, hapa pana vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna modi ya mapambo: jezi, nyuso, viwanja, ubao wa magoli, sauti za mashabiki. Hiyo haimfungi mtu goli. Na kuna modi inayogusa uchezaji. Kwenye kompyuta hiyo hukaa kwenye faili la dt18: uzito wa mpira, kasi ya jumla, refa kupuliza au kunyamaza, kipa kutoka au kukaa. Ukibadilisha dt18, mtu aliyezoea pasi ya kawaida ataona mpira unamfika mwenzake nusu hatua baadaye, na hatajua kwa nini amepoteza.

Sider, ile programu ya kompyuta inayoingiza modi kwenye PES, nayo yalaumiwa bure. Sider haifuti faili lolote la gemu. Inafunguliwa kabla ya gemu, na gemu ikiomba faili, Sider yatazama kwanza folda zilizoandikwa kwenye sider.ini, kila moja kwa mstari wake wa cpk.root. Faili likiwa kwenye folda mbili, ile iliyoandikwa juu ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana mtu aweka jezi mpya na haionekani: pachi ya zamani imekaa mstari wa juu yake. Ukitaka gemu safi, funga Sider, fungua gemu peke yake. Kwa hiyo kukagua ni rahisi: fungueni sider.ini mbele ya wote, msome mistari.

Na hiyo kasi 99 ya PediMoja haihitaji modi hata moja. Menyu ya Edit ya gemu yenyewe inakuruhusu kupandisha uwezo wa mchezaji kwa mkono. Ukipiga marufuku modi, mwizi bado ana pedi yake.

Ngomeni
Lamu nao watufundisha Sider! Nyinyi hata barabara hamna, mna punda na vichochoro, halafu ndio mnaotengeneza modi za mabasi na kuzisambaza pwani nzima. Basi mwalijulia wapi?

KijanaWaLangoni
Rudia hapo. Basi linalotoka Mombasa wewe washuka Malindi, umeshafika kwenu, walala. Sisi twaendelea nalo Sabaki, Garsen, Witu, Hindi, mpaka Mokowe lami inapoishia, ndipo tupande boti. Kati yangu na yako nani amekaa ndani ya basi muda mrefu? Anayejua kiti cha nyuma kinavyorusha, kioo kinavyotetemeka, na kondakta anavyoning'inia mlangoni, ni mtu wa Lamu.

Na kwa taarifa yako, gemu ya simu ya Bus Simulator Indonesia, yaani BUSSID, inatufaa kwa sababu moja kubwa: Indonesia huendesha kushoto kama sisi, usukani upo kulia. Ukichukua gemu ya malori ya Ulaya bara, kila kitu kinyume mpaka ufike Uingereza. Kwenye hii ya Indonesia basi la Kenya linakaa bila kupindua kitu. Faili linaishia na .bussidvehicle, huwekwa kwenye folda ya Mods ndani ya folda ya BUSSID, na rangi ni picha ya PNG unayoipakia gereji. Likikataa kuonekana, tazama kama simu yako imelipa faili jina la .zip au .bin lilipopitia WhatsApp. Rudisha jina lake, litaonekana.

Ngomeni
Sawa, umepanda basi. Mbona basi lenu maandishi ya upande mmoja yasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo? Huko Mokowe mwayasoma hivyo?

KijanaWaLangoni
Hayo ni ya yule aliyetengeneza umbo, si ya aliyepaka rangi. Ubavu wa kulia na wa kushoto vikichorewa sehemu moja ya picha ili kuokoa nafasi, herufi za upande mmoja lazima zigeuke. Dawa ni kurudi Blender, programu ya kuchorea maumbo, utenganishe bavu mbili, kila moja iwe na nafasi yake kwenye picha. Picha yakua na simu ya RAM ya GB 2 yaanza kukwama, kwa hiyo watu huchagua: ama maandishi sawa ama gemu nyepesi. Kama hukujua hilo usiseme Lamu hawajui kazi.

Muyeye7
Mimi swali langu kwa watu wa Lamu: mabasi mnayo, jahazi liko wapi? Gemu ya GTA San Andreas ina mashua ya tanga, Marquis. Mtu akichora jahazi lenye tanga la pembe tatu na foromali, ule mti wa tanga, iliyolala akaliweka pale, litatembea.

Mkomani
Linawezekana, ila si kubadilisha umbo tu. Kwanza toleo: CLEO, programu ya kuongezea gemu amri mpya, na modi nyingi zataka 1.0, ile gta_sa.exe yenye baiti 14,383,616. Matoleo mapya ya dukani yanakataa. Weka modloader, programu inayosoma modi kutoka folda yake, ndani yake folda ya jahazi yenye marquis.dff ya umbo na marquis.txd ya picha za rangi, usiguse gta3.img, faili la gemu lenyewe, kabisa ili ukichoka ufute folda tu. Sehemu ngumu ni mbili. Kitovu cha umbo kiwe pale maji yanapofika ubavuni. Ukikiweka kwenye mkuku, yaani chini kabisa, jahazi litaelea juu ya maji kama kopo tupu, na ukikiweka juu ya sitaha litazama nusu. Pili, umbo la kugusana, lile la siri linaloambia gemu hapa pana mbao: lazima liwe ndani ya dff. Likisahauliwa, ama gemu yajifunga ama mtu apita katikati ya sitaha aangukia majini. Mwendo wake ukitaka kuubadilisha, fungua handling.cfg, tafuta mistari inayoanza na alama ya asilimia, hiyo ndiyo ya vyombo vya majini.

FundiBarani
Hili la jahazi lifanyike, wallahi. Ila rangi na majina ya vyombo iwe ya kwetu, tusiletewe ya Zanzibar.

KijanaWaLangoni
Litafanyika halafu litaibiwa. Hilo ndilo jambo la kujadili, si PES. Mtu akaa anachora basi, kioo kwa kioo, aandika jina lake kwa herufi ndogo chini ya dirisha la dereva. Mwingine analichukua, afuta jina kwa rangi, abandika lake, analiuza shilingi 50 kwenye kundi. Yuko anayefanya hivyo na anajijua.

Ngomeni
Unanitazama mimi? Modi ni ya bure, imewekwa hadharani. Kuipeleka kwa asiyekuwa na bando ni kazi na kazi ina malipo.

KijanaWaLangoni
Malipo ya bando sawa. Jina unalifutia nini? Kufuta jina hakupunguzi MB hata moja.

PediMoja
Modi zisiuzwe hata kidogo. Kuna kampuni kubwa ilijaribu, ile ya gemu ya madragoni, watu wakaikasirikia wakaacha.

FundiBarani
Skyrim hiyo. Aprili 2015, Valve wenye duka la Steam na Bethesda waliotengeneza Skyrim waliruhusu modi kuuzwa Steam, mtengenezaji akipata asilimia 25 tu, iliyobaki yao. Hazikupita siku nyingi wakaondoa na kurudisha pesa. Sasa tazama hesabu: robo kwa mwenye jasho. Huyu wa shilingi 50 anampa mchoraji sufuri. Heri Bethesda.

Na msisahau gemu ya Counter-Strike ilianza kama modi ya gemu ya Half-Life mwaka 1999, Valve wakainunua na kuwaajiri waliounda. Dota nayo ilianzia ndani ya gemu ya Warcraft III. Ukifuta jina la kijana wa Langoni leo, atakayetafuta mtu wa kumpa kazi atampata nani?

Ngomeni
Valve haiji Langoni, tuwe wakweli.

BiKibanda
Nyote mwazungumza majina na pesa, hakuna anayetaja virusi. Juni 2023 modi za gemu ya Minecraft ziliingizwa programu ya wizi, ile fractureiser, na hazikuwa kwenye tovuti za kichochoroni: zilipitia CurseForge na Bukkit, ambako watu huamini macho yamefumbwa. Ilikuwa yaiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na ikijinakili kwenye mafaili mengine ya jar yaliyomo kwenye mashine. Mtoto anaweka modi moja, modi zote za banda zaoza.

Mwenye banda afanye hivi. Kompyuta ya wateja iwe na akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Barua pepe na benki visifunguliwe kwenye mashine hiyo hata mara moja. Jezi ni picha na data. Ukipewa modi ya jezi inayokuja na exe, yaani programu ya kubonyeza, ikatae. Na kwenye simu, APK, yaani faili la kuwekea gemu, iliyobadilishwa inayoomba kusoma SMS haina haja nazo, inatafuta namba za siri zinazotumwa. Gemu ya basi isome SMS za nini?

Mkomani
Bi, umesema kweli, ila Sider nayo ni exe.

BiKibanda
Najua, ndiyo maana nimesema ya jezi. Sider iwekwe mara moja na fundi mmoja, kutoka kwa mwenyewe, si kila kijana na yake kwenye flashi.

Maweni_Kiungo
Nimeuliza mashindano, nimepata mabasi, jahazi na virusi. Nataka jibu moja: mechi zichezwe kwa nini?

PediMoja
Gemu tupu. Sijabadilika.

FundiBarani
Gemu tupu wachezaji nusu wameshastaafu. Nani atakuja kutazama?

Mkomani
Flashi moja, WEPES moja, PS4 kwa PS4. Kompyuta ziachwe nje, hapo dt18 haina pa kuingilia. Ile zip ya vikosi kabla ya kufunguliwa, kila banda liiweke kwenye kompyuta yoyote ya Windows, lifungue dirisha jeusi la amri, liandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Tumeni jibu hapa, yaani alama ya faili itakayotoka. Majibu yakilingana, zip ni ileile. PS4 iundiwe akaunti mpya siku hiyo, muingize mbele ya pande zote mbili, na kabla ya mechi mfungue wachezaji watano wa kila kikosi mlinganishe namba zao, maana mabadiliko ya mkono kwenye menyu ya Edit certutil haiyaoni.

Ngomeni
Na flashi itashikwa na Lamu au Malindi?

Mkomani
Ishike wewe. Ndiyo faida ya kulinganisha.

KijanaWaLangoni
Aliyetengeneza hivyo vikosi jina lake liandikwe kwenye tangazo la mashindano. Ngomeni asilifute.

Maweni_Kiungo
Litaandikwa. Malindi tumeshapiga certutil, jibu linaishia na 7c1e. Lamu?

Mkomani
Zinatoka herufi 64, kaka. Tuma zote, nne za mwisho hazitoshi.