Jikleri zinaziba kila siku tatu, ni pompi ao ni maji?

mizizi_hewani (Majengo, Goma)
Jambo bakubwa. Kwetu mu parsele ni mawe ya volkano tupu, ukipiga jembe inatoa cheche, njo maana nilianza saladi bila udongo, mizizi inaning'inia ndani ya bidoni nyeusi na maji ya mbolea inarushwa kama ukungu. Pompi ya volti 12, bar 6 hivi, minuteri inafungua segonde 5 inafunga dakika 4. Lakini jikleri, bile bichwa bidogo bya kurusha maji, zinaziba kila siku tatu! Jumapili narudi kanisani nakuta saladi 14 zimelala, mizizi kama uzi. Filtri nilisha badilisha mara mbili. Ninunue pompi ya nguvu zaidi?

yaya_wa_himbi
Usinunue kitu. Maji unatoaka wapi?

mizizi_hewani
Robine, ikikatika tunachota Kituku.

yaya_wa_himbi
Ni ziwa tu hiyo yote mbili. Maji ya Kivu pH (kipimo ya asidi) iko karibu 9 na saladi inataka 5,5 mpaka 6,5, tena mbele uweke mbolea EC (kipimo ya chumvi mu maji) inakuwa imefika 1,2 hivi, ni chumvi unarusha mdogo wangu. Kalisi ya mbolea ikikutana na maji ya vile inageuka chokaa mu kitundu ya jikleri. Toa moja, itie mu siki, ikitoa povu ni chokaa. Na usishushe pH kwa asidi peke yake, ku maji ya ziwa utamwaga mingi mpaka mbolea yote inapotea mizani.

fundi_batri
Naongeza: nitrati ya kalisi haichangwe na sulfate ao fosfate zikiwa nzito, kila moja bidoni yake, unazikutanisha kisha mu maji mingi. Mimi natumia mvua, lakini ile ya kwanza namwaga sababu moshi ya volkano Nyiragongo inaishukia na asidi, angalia bati za kwetu zinavyokulikaka. Kuran (umeme) nayo ikienda usiwe kanisani hahaha, mizizi ya hewani haina akiba, saa moja ao mbili ya jua inatosha kuimaliza. Weka batri na katanki ka presha mbele ya robine ya umeme, pompi ikinyamaza unabaki na mipulizo kidogo ya kukufikisha nyumbani. Kama hauna makuta chukua jikleri ya tundu kubwa na presha ndogo, matone inakuwa manene, saladi haijali sana.

mizizi_hewani
Yaya nimetia mu siki sasa hivi, imechemka kama Fanta. Kumbe nilisha uza ile filtri ya zamani bure. Natafuta tanki ya mvua, nani iko na ya litre 500 Birere yenye haikuwekwamo mafuta?