DJ wa muvi za kutafsiri, nani kakwambia Lyanna Mormont ni mtoto wa Jorah?

Wakuu, nina hasira na sitaki kubembelezwa.

Hapa Mbeya, ukienda Mwanjelwa kuwekewa Game of Thrones, ile sizoni ya Kizungu ya koo zinazogombea ufalme, kwenye flashi, unapewa iliyotafsiriwa, maana ndiyo inayouzika. Sawa, sina ugomvi na tafsiri, hata bibi yangu kijijini ana haki ya kuangalia sizoni. Ugomvi wangu ni sizoni ya 6, pale Jon Snow na Sansa, watoto wa ukoo wa Stark, wanapokwenda Bear Island, kisiwa cha ukoo wa Mormont, kuomba askari. Anatokea Lyanna Mormont, binti wa miaka 10, kakaa kwenye kiti cha ukoo, hacheki na mtu, na DJ anatutangazia kwa sauti kubwa kwamba huyo ni mtoto wa Jorah, mwanamume wa ukoo huohuo wa Mormont, baba kamtelekeza.

Mtoto wa nani? Jon mwenyewe, palepale, anamwambia binti kwamba aliwahi kutumika chini ya mjomba wa huyo binti. Mjomba ni Jeor, yule kamanda mzee wa Night's Watch, kikosi kinacholinda ukuta wa kaskazini. Jorah ni mtoto wa Jeor. Sasa binamu yako anageukaje kuwa baba yako? Ukoo gani huo?

Na msinijie na "mkuu, ni muvi tu". Ukimfanya Lyanna mtoto wa Jorah umeharibu kila kitu. Jorah ndiye aliyeitia aibu nyumba hiyo. Alikamata majangili, akawauza kwa wafanyabiashara wa watumwa ili apate hela za kumtunza mke mwenye makuu, kisha akakimbilia ng'ambo kabla Ned Stark, mtawala wa Kaskazini, hajamfikia na upanga. Hata upanga wa ukoo, Longclaw, aliuacha nyuma, na mzee Jeor akaishia kumpa Jon. Aliyebaki kuishika nyumba ni mwanamke: Maege, dada yake Jeor, mama mzazi wa Lyanna. Huyo mama aliingia vitani upande wa Robb Stark, mtoto wa Ned, na kwenye sizoni tunaambiwa alifia hukohuko. DJ kamfuta kwa sentensi moja!

Waliosoma vitabu wanajua Maege ana mabinti watano: Dacey, Alysane, Lyra, Jorelle na huyu kitinda mimba. Dacey aliuawa kwenye ile harusi ya damu, Robb na watu wake walipochinjwa karamuni. Baba yao hatajwi, na Alysane akiulizwa kuhusu mume anajibu kwamba wanawake wa kwao hugeuka dubu na kutafuta wenza msituni (huyo dada ningependa kunywa naye chai). Kwenye lango lao kumechongwa mwanamke kavaa ngozi ya dubu, mkono mmoja ananyonyesha, mwingine kashika shoka. Waume walikuwa wakienda baharini kuvua, maharamia wanakuja, nani alinde watoto? Ndiyo asili ya yule binti. Ukali wake ameurithi kwa mama.

Halafu kuna jamaa pale kibandani tunakoangalia wanaguna eti haiwezekani mwanamke aongoze wanaume vitani. Nyie mmezaliwa Nyanda za Juu Kusini hizihizi! Songea ipo hapo tu, Nduna Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya vita ya Majimaji. Mnaguna nini?

Kinachoniuma zaidi ni mwisho wa sizoni hiyohiyo. Lyanna, aliyetoa askari 62 tu kwa sababu ndio aliokuwa nao, anasimama mbele ya mabwana wakubwa wa Kaskazini na kuwasuta mmoja mmoja, Manderly, Glover, Cerwyn, kwa kukacha vita. Wazee wenye ndevu wanatazama chini. Kisha anamtangaza Jon kuwa mfalme. Na DJ anafanya nini hapo? Anatangaza namba yake ya simu! Anasalimia washkaji wa Tunduma na Makambako! Hotuba nzima imepita, sisi tunasikia bei ya kuchoma CD.

Uongo wenyewe umemfunga sizoni ya 8. Vita vinakaribia, Jorah anamsihi Lyanna akajifiche chini kwenye makaburi, binti anakataa, anamtakia heri na kumwita binamu. DJ kagugumia kidogo, akasema "baba". Kibanda kizima kikahuzunika kwa msiba wa kubuni, na dada mmoja nyuma yangu akaanza kumlaani Jorah kwa kutotoa matunzo.

Nilipomfuata muuzaji akaniambia wateja hawajalalamika. Basi mimi nalalamika.

DJ, kama unasoma, rekodi upya vipande hivyo, havizidi dakika chache. Sema mama yake anaitwa Maege. Namba yako iweke mwishoni kabisa, yale majina yanapopita, maana hapo watu tunakuwa tumeshasimama kutafuta viatu.