HPV: 16 hasi, 18/45 hasi, "aina nyingine hatarishi" chanya. Maana yake nini?

Mama Kiborloni: Wapendwa naombeni msaada usingizi umekata. Nina miaka 36, juzi nimepima mlango wa kizazi hapa Moshi, kile kipimo cha HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, nikapewa karatasi iko kama kichwa cha habari hapo juu, aliyenipa akasema tu rudi tarehe 14, foleni ilikuwa ndefu sijapata hata nafasi ya kuuliza. Mwaka 2015 niliugua masundosundo, vile vinyama vya sehemu za siri, navyo vinaletwa na HPV, yakatibiwa yakaisha, sasa ndo kirusi kile kile kimerudi? Na namba ikiwa kubwa ndo mbaya zaidi? Mume wangu nimwambieje jamani

Wa maabara, Sakina: Pole sana dada. Namba haihusiani na ukali, inafuata tu nani kagunduliwa lini, 16 ilipatikana 1983 na 18 mwaka 1984, kazi ya Harald zur Hausen na wenzake Ujerumani, akapewa Nobel 2008. Ili kirusi kipewe namba mpya jeni yake ya L1, ile inayotengeneza ganda la nje, lazima itofautiane na za wenzake wote kwa zaidi ya asilimia 10. Aina za HPV ziko zaidi ya 200 ila zinazokaa sehemu za siri ni kama 40, nyingine ndo zile za chunjua za mikononi. Masundosundo karibu yote ni 6 na 11, hizo haziko kwenye kundi la saratani na kipimo chako hakizitafuti kabisa, kwa hiyo hii ni nyingine dada sio ile ya 2015. Kwa jinsi karatasi ilivyoandikwa naona ni GeneXpert, mashine ile ile ya TB, inatenga 16 peke yake na 18 pamoja na ndugu yake 45, maana 16 na 18 tu zinabeba kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Zilizobaki 31, 33, 35, 52, 58 na wenzake zinaingia kapu moja la "nyingine", yako iko humo

Mama Kiborloni: Kwa hiyo ni saratani au sio??

Nesi mstaafu: Sio saratani mwanangu. Ni kirusi, na wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ni kikigoma kutoka, ndo maana tarehe 14 USIKOSE, watakupaka siki kwenye mlango wa kizazi wakiona sehemu imegeuka nyeupe wanaitibu mapema kabla haijawa kitu. Kama hujui hali yako ya VVU pima pia, ukiwa nayo HPV inang'ang'ania zaidi. Kuhusu mume, kirusi hiki kinalala miaka na miaka, hakuna kipimo kinachosema kilitoka kwa nani, usimhukumu na wala usijihukumu. Na kama una binti wa miaka 9 mpaka 14 mpeleke chanjo, siku hizi ni dozi moja

Mama Kiborloni: Shikamoo mama, Mungu akubariki. Yupo wa miaka 10 nampeleka. Sasa tarehe 14 nikiwa kwenye siku zangu?

Nesi mstaafu: Marahaba. Subiri ziishe ndo uende, damu inaziba hawaoni vizuri. Ila piga simu waambie, wakupangie tarehe nyingine ya karibu