Naomba ushauri: michoro ya miambani Kondoa na Mlima Hanang kwa safari moja

Habari zenu wakuu. Nataka kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nitakuwa na mama mzazi, ambaye magoti yanamsumbua lakini kubaki garini hataki hata kusikia.

Najua maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150, yametawanyika kwenye miinuko ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwa hiyo kuyaona yote ni ndoto. Waliofika, ni pango gani linafikika bila kupanda sana? Mungomi wa Kolo nasikia ndilo lenye sifa, ila njia yake ina mwinuko mkali. Na kwa kuwa wenyeji bado wanafanyia matambiko huko, kuna siku wageni hawapandi, au mwongozaji anatosha kutuelekeza?

Kutoka hapo nafikiria kuelekea Babati, mama aone viboko ziwani, kisha mimi nipande Hanang. Mita 3,417 si mchezo. Anayeupanda asubuhi anaweza kushuka kabla ya giza, au ni kujidanganya?

Gari ni dogo, la chini. Lami ya Dodoma hadi Babati hainipi shida, hofu yangu ni vile vipande vya vumbi vya kuingia mapangoni. Kama pikipiki za pale Kolo zinafaa kwa mtu mzima, niambieni pia.