Mnaohesabu pointi za ngumi kwa rangi ya ngozi, mmenichosha

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo mtanisamehe.

Jumapili kijiweni jamaa kaanza tena wimbo wake: Usyk, yule bondia wa Ukraine, anabebwa kwa sababu ni mzungu. Nikamuuliza, anabebwa na nani? Pambano la kwanza na Anthony Joshua, bondia mweusi wa Uingereza, Septemba 2021, lilipigwa London, kwenye uwanja wa Tottenham, nyumbani kwa Joshua, watu zaidi ya 60,000 wakimwimbia Joshua. Kadi zote tatu za majaji zikaenda kwa Usyk. Marudiano ya Jeddah, Agosti 2022, jaji mmoja akampa Joshua kabisa, 115 kwa 113. Sasa hapo aliyebebwa nani?

Jibu nililopewa: "Wewe kibaraka wa wazungu." Kijiwe kizima kikacheka. Hoja ikaishia hapo.

Kinachoniudhi ni kwamba macho wanayo. Usyk alipompiga Tyson Fury, Mwingereza, kule Riyadh, Mei 2024 na tena Desemba, kila mtu alikuwa mchambuzi. Ooh, anavyocheza na miguu, ooh, mashoto yule anasumbua. Mzungu kwa mzungu, basi ngumi zinaonekana! Akipanda ulingoni mweusi, ukungu unatanda.

Na huyo Joshua mwenyewe mnamfanyia nini? Akishinda ni damu yetu, Mnaijeria. Alipotoka Jeddah analia mbele ya waandishi, ghafla akawa "yule Mwingereza". Halafu akaja Francis Ngannou wa Cameroon. Oktoba 2023 alimlambisha Fury sakafu raundi ya tatu, majaji wakampa Fury kwa kadi mbili kwa moja, kijiwe kikalia kaibiwa. Sawa, hapo hata mimi nilikuwa na dukuduku. Haikupita hata miezi mitano, Joshua akamlaza Ngannou raundi ya pili. Sasa patamu: rangi moja, mtashika wapi? Mkaanza nani Mwafrika halisi, wa Cameroon au huyu aliyezaliwa Watford. Rangi ikiwaishia mnahamia kwenye pasipoti. Mngewekewa mabondia wawili wa kijiji kimoja mngeulizia ukoo.

Na msije na ile ya "wazungu ndio walioanza". Najua walianza, tena vibaya. Jack Johnson, bondia mweusi wa Marekani, alipouchukua ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1908, walimtoa Jeffries shambani kwake, bingwa mzungu wa zamani aliyestaafu tangu 1905, eti akaurudishe kwa weupe. Reno, Julai 4, 1910, Johnson akamdunda mpaka raundi ya 15, na usiku ule watu weusi wakavamiwa na kuuawa miji mbalimbali ya Marekani. Kwa pambano la ngumi!

Miaka 72 baadaye wakarudia, Larry Holmes, mweusi, na Gerry Cooney, mzungu, Las Vegas. Holmes ndiye bingwa, lakini Cooney akatambulishwa wa mwisho, heshima ya bingwa hiyo. Askari wenye bunduki walikuwa juu ya mapaa. Holmes alimmaliza raundi ya 13, na bila pointi tatu alizokatwa Cooney kwa kupiga chini ya mkanda, majaji wawili wangekuwa na Cooney mbele wakati pambano linasimamishwa. Waliopigana wenyewe baadaye wakawa marafiki. Waliokuwa na chuki ni wale waliokaa kwenye viti, kama ninyi.

Mtu anayeijua historia hiyo halafu anakaa na bakuli la supu kufanya kilekile alichofanyiwa Holmes, mimi simwelewi.

Haya, uwanja huu. Mwenye kadi yake ya raundi 12 za Jeddah aiweke hapa, raundi kwa raundi. Yangu: ya tisa nampa Joshua bila ubishi, alimtikisa kweli. Ya kumi Usyk alirudi kama hajaguswa. Mje na raundi zenu tubishane mpaka asubuhi. Mwenye hoja ya ngozi apite tu, asinijibu.